KAZI AMBAYO MCHUNGAJI HAKUPEWA

Leo nina neno kwa mama zetu. Nikisema mama zetu nina maana ya wale ambao watoto wao wameshaoa au kuolewa, wenye wajukuu, wale tunaowaita susu. Vijana, msiondoke. Mtaona linawahusu pia.

Katika 1 Timotheo 5:2 Paulo anamwagiza Timotheo, aliyekuwa bado kijana, aongee na wanawake wazee kama anavyoongea na mama yake mzazi. Kwa hiyo mama zangu, pokeeni haya kama yanatoka kwa kijana wenu. Sitapiga kelele.

Fungua Tito 2. Wengi wetu tukisikia sura hiyo tunakimbilia mstari wa tatu, ule wa mwenendo wa wanawake wazee. Naomba uanze mstari wa kwanza ufike wa sita, na usome polepole kama mtu anayehesabu pesa za chama. Tito ameachwa Krete, kisiwa ambacho jina lake halikuwa zuri hata kidogo (soma 1:12 ujionee), na anapewa kazi ya kuyapanga makanisa machanga. Anaambiwa awafundishe wanaume wazee. Anaambiwa awafundishe wanawake wazee. Mstari wa sita anaambiwa awahimize vijana wa kiume. Sasa niambie, wanawake vijana wanafundishwa na nani?

Si Tito. Paulo hakumpa kazi hiyo. Aliwapa mama wazee.

Hili nililisoma miaka mingi nikiwa chuo cha Biblia na baadaye nikiwa mchungaji, na kila nikirudi kwake linanipa heshima mpya kwa mama zetu. Kuna darasa moja kanisani ambalo mwalimu wake si mchungaji, si mwinjilisti, si mzee wa kanisa mwenye suti. Mwalimu wake ni wewe mama uliyekaa kiti cha tatu na leso yako na Biblia ya Kikamba iliyopasuka jalada. Neno la Kigiriki ambalo Paulo anatumia hapo kwa mwalimu wa mema ni "kalodidaskalos", na katika Agano Jipya lote halipo mahali pengine. Hakuna mtume anayeitwa hivyo. Hakuna askofu. Ni wewe tu.

Na usipofanya kazi hiyo, haibaki bila mtu. Binti aliyeolewa mwaka jana atafundishwa na TikTok. Atafundishwa na rafiki yake wa saluni ambaye ndoa yake mwenyewe ilivunjika kabla ya mwaka. Au atakuja ofisini kwangu peke yake saa kumi jioni kunieleza mambo ya chumba chake cha kulala, jambo ambalo si salama kwake wala kwangu, na mnajua wachungaji wangapi wameangukia hapo.

Sasa tuje mstari wa tatu wenyewe. Paulo anaweka mambo machache: mwenendo unaofaa mahali patakatifu, ulimi usiosingizia, kutofungwa na mvinyo, halafu ualimu. Kuhusu mvinyo najua mnachosema: "Mchungaji, sisi hatunywi." Amina. Kaluvu mliiacha siku mlipookoka. Lakini mbaki? Ile ya kwenye kikopo kidogo kilichofungwa kwenye kona ya leso? Paulo alitumia neno la utumwa, na mtumwa ni yule ambaye bila kitu hicho asubuhi haanzi. Sitasema zaidi. Wahusika wameshacheka.

Ninapotaka kukaa ni kwenye ulimi. Neno lililotafsiriwa wasingiziaji, kwa Kigiriki ni "diabolos". Ndiyo, lile lile. Neno ambalo kwingine katika Biblia ni jina la Shetani, hapa linatumiwa kwa mama mzee anayechukua habari za mtu na kuzipeleka kwa mtu mwingine ili aonekane mbaya. Yule mshitaki wa ndugu zetu anafanya kazi moja, kupeleka mashtaka, na Paulo anamwambia mama wa kanisani asiwe msaidizi wake.

Mama, nisikie vizuri. Sidhani mama zetu ni wabaya kuliko watu wengine. Ukisoma 1 Timotheo 5:13 utakuta safari hii ni wajane vijana wanaozunguka nyumba kwa nyumba na maneno. Wanaume nao, kaa kwenye stendi ya bodaboda dakika kumi usikie. Lakini Paulo analiweka jambo la ulimi karibu kabisa na kazi ya kufundisha, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani sababu ni hii: mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mdomo mmoja. Binti hawezi kujifunza ndoa kutoka kwa mama ambaye wiki iliyopita alimsikia akieleza ndoa ya binti mwingine.

Na sisi waliookoka tuna namna yetu. Hatusengenyi, tunaombea. "Wapendwa, tumkumbuke dada fulani katika maombi, mambo si mazuri nyumbani kwake, sitaki kusema mengi, lakini nasikia bwana hakulala nyumbani." Umesema yote! Hakuna kilichobaki cha kusema. Ombi hilo linaanzia kwenye kikundi cha maombi Jumatano, linaingia WhatsApp ya akina mama, kufikia Alhamisi liko mtoni kwenye foleni ya mitungi, na Jumapili dada yule akiingia kanisani anaona macho yanavyomfuata mpaka anapoketi. Jumapili inayofuata haji. Halafu tunatuma watu wakamwombee kwa sababu amerudi nyuma.

Ngoja niwaambie mabinti wanabeba nini siku hizi, bila jina la mtu, na msijaribu kubahatisha. Kuna binti ambaye bwana yake yuko Athi River, anarudi mara moja kwa mwezi, na amechukua mikopo ya simu kutoka programu tatu tofauti ili watoto wasilale njaa. Bwana hajui. Kila simu ikilia anaruka. Kuna aliyejifungua mtoto mzuri mwenye afya na tangu siku hiyo analia kila jioni bila kujua sababu, anaogopa kusema kwa sababu atasikia kwamba ana pepo. Kuna anayepigwa. Hawa wote wanaketi mbele yangu wakiimba "Haleluya" kwa sauti kuu. Na nyuma yao wanaketi akina mama ambao wengi wao walipitia mambo hayo hayo, au yanayofanana nayo, na Bwana akawavusha. Kati ya benchi hizo mbili hakuna hata mita moja.

Kinachokosekana ni uaminifu. Binti hajui kama neno lake litakaa.

Ninyi mnajua mito yetu. Mgeni akipita Thwake au Tiva mwezi wa Septemba anaona mchanga mtupu, anasema hapa hakuna maji. Mama wa Ukambani hasemi hivyo. Anachukua kata yake, anachimba, na maji yapo, tena baridi na safi, kwa sababu yamekaa chini ya mchanga mahali jua halifiki. Ndiyo maana vikundi vyetu vya mwethya vilibeba mawe na simiti wakajenga mabwawa ya mchanga, ili yale maji ya mvua ya Novemba yasikimbie yote kuelekea Bahari Hindi. Mama, Mungu anatafuta moyo wa namna hiyo, wa mtu ambaye ukimwambia jambo linazama, halionekani juu, na siku ya ukame yeye ndiye mwenye cha kumpa mwenye kiu.

Mfano bora wa jambo hili katika Biblia kwangu ni Elisabeti. Tunamkumbuka kwa kuzaa uzeeni tukasahau alichofanya kwa Mariamu. Soma Luka 1 kuanzia mstari wa 39. Msichana ana mimba na hajaolewa. Ameposwa, lakini hajaolewa. Katika Israeli ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kumwangamiza. Malaika amemwambia, sawa, lakini majirani hawakumwona malaika. Anakwenda wapi? Anapanda nchi ya milima kwa haraka kumtafuta mwanamke mzee wa ukoo wake. Kwa sisi ni kama msichana aondoke Wote apande Mbooni kwa shangazi yake bila kumwambia mtu.

Sasa fikiria angepokelewa mlangoni na maswali tunayoyajua. "Ya nani? Mama yako anajua? Yosefu amesema nini? Na ulikuwa unaimba kwaya!" Elisabeti hakuuliza hata moja. Neno lake la kwanza lilikuwa baraka, tena kwa sauti kubwa, kwa yule binti na kwa mtoto aliye tumboni. Na ni baada ya kubarikiwa na mama mzee ndipo Mariamu alipofungua kinywa na ule wimbo wake ukatoka. Luka hajaandika kwamba aliimba Nazareti. Aliimba kwa Elisabeti. Kisha akakaa kule karibu miezi mitatu. Miezi mitatu! Elisabeti mwenyewe ana mimba kubwa ya uzeeni, mume wake amekuwa bubu, na bado ana nafasi ya binti mwenye shida.

Wasichana wetu wengine wanashika mimba wakiwa kidato cha pili. Sihalalishi dhambi, mnanijua ninavyohubiri. Lakini msichana yule akiogopa nyumba ya kila mama kanisani, atakwenda wapi? Kuna wanaokwenda kwa watu wa kuwatoa mimba kwenye vyumba vya nyuma, na wengine hawarudi wazima. Mama mwenye roho ya Elisabeti anampokea, anampeleka kliniki, anazungumza na wazazi wake, na mtoto akizaliwa anakumbusha shule kwamba tangu 1994 serikali ya Kenya ina sera inayomruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani. Toba inakuja vizuri zaidi kwa mtu ambaye amekula na kulala.

Kuna jambo hapa ni lazima niliseme wazi, kwa sababu Tito 2:4-5 inasema mama wazee wawafundishe mabinti kuwapenda waume zao na watoto, kuwa na kiasi, kuwa safi, kutunza nyumba, kutii waume. Amina, ni Neno. Lakini nimesikia mstari huo ukigeuzwa kuwa neno moja tu: vumilia. Binti anakuja na jicho limevimba, anaambiwa, "Vumilia, hata mimi nilipigwa, na sasa unaona tuko pamoja." Mama, Paulo alisema wafundisheni kupenda. Hakusema wafundisheni kupigwa na kunyamaza. Waefeso 5 inamdai mume ampende mke kama Kristo alivyolipenda kanisa, na Kristo hakulipiga kanisa ngumi. Ukiona binti anapigwa, uvumilivu wako wewe usiufanye kipimo chake. Mtoe pale alale kwako usiku huo. Waite wazee wa kanisa, na mimi nipigie. Nchi yetu ina sheria ya kumlinda mtu dhidi ya dhuluma za nyumbani tangu 2015, na nambari 1195 hupigwa bure mchana na usiku. Kumwokoa binti asife si kumfundisha kuacha ndoa. Usiri ninaousema leo haujawahi kuwa wa kumficha mtu anayetenda ukatili, wala anayeharibu mtoto. Hayo hayafichwi.

Mambo ya mama mkwe nimeyaacha mpaka hapa kwa makusudi, maana najua wengi mlikuwa mnayangoja.

Kwetu kijana akioa anajenga katika boma la baba yake. Halafu anarudi Nairobi kazini, na wanaobaki bomani ni wanawake wawili: mama yake na mke wake. Mmoja amelijenga boma lile kwa miaka arobaini, anajua kila mti wa mwembe nani aliupanda. Mwingine amekuja juzi na sufuria mpya. Kati yao kuna simu. Jioni kijana anapiga, na mama anasema, "Hapa tuko salama, ila sijui, sitaki kukusumbua na kazi..." Hiyo "ila" imevunja nyumba nyingi Ukambani kuliko ukame. Kijana aliye mbali hana macho, ana masikio tu. Akisikia mara tatu kwamba mke wake haamki mapema, kwamba pesa alizotuma hazionekani, kwamba kuna mwanamume wa bodaboda anayesimama langoni, atarudi wikendi amejaa hasira, na yule binti hatajua hata kosa lake ni lipi.

Mwangalie Naomi. Alikuwa na uchungu kweli, mpaka aliomba watu wabadilishe jina lake wamwite Mara. Amezika mume na wana wawili ugenini. Anarudi Bethlehemu analalamika mbele ya wanawake wote kwamba ameondoka amejaa na amerudi mikono mitupu, na Ruthu amesimama pale pale kando yake! Kama ni mimi ningekuwa Ruthu ningeumia kidogo. Lakini angalia vizuri: alilalamika juu ya maisha, alilalamika hata juu ya Mungu, ila hakuna mahali anapomsema Ruthu vibaya. Sura ya tatu utamkuta anamtafutia binti yule maisha, anamwelekeza hatua kwa hatua kama mtoto wa tumboni mwake. Kwa hiyo mama, hata uchungu wako wa ujane, hata maumivu ya magoti, hata kijana wako aliyekusahau, visikutoe katika kazi hii. Naomi aliifanya akiwa na machozi.

Mnauliza, tuanzeje? Tafadhali msianze na semina. Msiniitie mkutano wa "akina mama wazee kuwafundisha vijana" wenye viti vya plastiki na mnenaji kutoka Nairobi. Binti hatainua mkono mbele ya watu sabini aseme amelemewa na madeni. Anza na ndengu. Anza na mbaazi za kupukuchua, au kyondo unachosuka pale chini ya mwembe. Mwite aje mfanye kazi pamoja. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno mazito yanatoka yenyewe. Siku ya kwanza mtaongea juu ya mvua. Ya pili, bei ya maembe. Ya tatu au ya sita, atanyamaza kidogo, halafu atasema, "Susu, wewe ulipokuwa umeolewa karibuni..." Ukisikia hivyo, usikimbilie kumjibu kwa mstari wa Biblia. Mwambie ilivyokuwa. Mweleze na ile sehemu ambayo hukuwa unajua la kufanya. Kisha mwombee pale pale, na ukimaliza, habari hiyo iishie hapo. Hata kwa mume wako. Hata kwa mimi mchungaji, isipokuwa amekuruhusu, au maisha ya mtu yako hatarini.

Injili ilifika Nzaui na wamisheni mwaka 1895, na tunawashukuru. Lakini wengi wetu tunaosoma hapa hatukufundishwa kuomba na mmisheni. Tulifundishwa na susu aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo, tukimsikia kutoka kitandani akitaja majina yetu moja moja. Paulo aliliona hilo kwa Timotheo, akamtaja nyanya yake Loisi kwa jina.

Najua pia kuna mama anayesoma hapa anasema, "Mchungaji, unaniongezea mzigo, na mimi tayari nina wajukuu wanne ambao wazazi wao wako mjini." Nakusikia, mama. Ninyi mmekuwa wazazi mara mbili. Zile shilingi 2000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa waliofika miaka 70 zinakuja zimechelewa, na zikifika zinaishia kwenye karo na unga. Kwa hiyo neno hili lina upande wa pili, na ni wenu vijana. 1 Timotheo 5:4 inasema watoto na wajukuu ndio wa kwanza kumtunza mjane, kabla ya kanisa, kama njia ya kurudisha walichopewa. Mstari wa nane ni mkali zaidi, usome mwenyewe. Kijana uliyeko Nairobi, huwezi kumwachia mama watoto wanne, usitume pesa miezi mitatu, halafu Siku ya Akina Mama uweke picha yake mtandaoni na maua. Tuma. Na ukituma, usimwombe mama akuchunguzie mke wako.

Nanyi mabinti, msingoje kuitwa. Mariamu ndiye aliyepanda mlima. Mwangalie mama mmoja, mpime kwanza na jambo dogo. Likirudi kwako kupitia mdomo wa mtu mwingine, msamehe, tafuta mwingine. Likikaa, umepata mama. Nenda kwake na majani na sukari, usiende mikono mitupu.

Jumapili baada ya ibada sitatangaza lolote juu ya jambo hili, wala hatutaunda kamati. Ukitaka kuandika Amina hapo chini, andika. Ila usiandike habari ya mtu, hata bila jina, maana tunajuana. Kama unaposoma kuna binti amekujia akilini, weka hii simu chini umpigie yeye. Muulize kama wamemaliza kupalilia.